Vikundi vya Kusaidiana Kuacha Pombe: Namna ya Kuvipata na Kuvihudhuria

Mwananchi wa Mbinga au wa mwambao wa Ziwa Nyasa anayetaka kuacha pombe hukutana na maswali mawili kabla ya mengine yote: aanzie wapi, na nani atamwona akienda. Swali la kwanza lina jibu rahisi kuliko watu wengi wanavyodhani. La pili ni zito zaidi, kwa kuwa katika vijiji vya milimani, kama ilivyo katika vijiji vya ufukweni, hakuna apitaye njiani asijulikane anakotoka na anakokwenda. Makala haya yanaeleza yote mawili, pamoja na jambo la tatu ambalo huwa halisemwi mpaka limekwisha kuleta msiba: mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka hapaswi kuacha kwa ghafla akiwa peke yake.

Pombe na majira ya mwaka

Unywaji katika eneo hili hufuata kalenda. Huko Umatengo, kahawa huanza kuvunwa katikati ya mwaka, na malipo yanapotoka kupitia vyama vya msingi vya ushirika, fedha za mwaka mzima huingia nyumbani kwa awamu chache. Ni fedha zilizosubiriwa na ada ya shule, mbolea ya msimu ujao, bati la nyumba, na pia kilabu cha pombe. Katika kazi za pamoja za mashambani, zile Wamatengo wanazoziita ngokela, mwenye shamba kwa desturi huwaandalia wenzake chakula na pombe baada ya kuchimba ngoro mlimani. Hakuna ubaya katika shukrani hiyo. Lakini kwa mtu ambaye mwili wake umekwisha kuifanya pombe kuwa chakula, mwaliko wa ngokela ni mtego asioweza kuukwepa bila kuonekana mvivu au mwenye majivuno.

Ziwani kalenda ni ya mwezi. Wavuvi wa usipa hutegemea taa na giza, na zinapofika siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hubaki mchangani. Siku hizo za mapumziko, mfuko ukiwa bado na mauzo ya wiki zilizopita, ndizo siku ambazo vilabu vya ufukweni huwa na watu tangu asubuhi. Zipo pia sherehe za ubatizo, komunyo ya kwanza, harusi na matanga, ambako pombe huhesabiwa kuwa sehemu ya heshima kwa wageni.

Vinywaji vyenyewe ni vingi: komoni, kangara, ulanzi, bia ya dukani, pombe kali za chupa, na gongo, ambayo sheria ya nchi imeipiga marufuku lakini haijatoweka. Serikali ilipokataza pombe kali za mifuko ya plastiki, zile viroba, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, kinywaji cha bei nafuu kilichobebeka mfukoni kilitoka sokoni, na hilo lilisaidia hasa vijana. Halikuwaponya wale waliokwisha kuwa waraibu. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba vifo milioni 2.6 vilivyotokea duniani mwaka 2019 vilisababishwa na pombe. Shirika hilo huuhesabu uraibu wa pombe kuwa ugonjwa. Maelezo hayo yana manufaa yake ya vitendo, kwa sababu mgonjwa hutafutiwa tiba, ilhali mtu anayehesabiwa kuwa mpotovu hutafutiwa adhabu tu.

Ajuaje kwamba amekuwa mraibu? Wahudumu wa afya katika nchi nyingi hutumia maswali manne yaliyojulikana tangu miaka ya 1980. Je, umewahi kuona kwamba yafaa upunguze pombe? Je, watu wamekuudhi kwa kuusema unywaji wako? Je, umewahi kujisikia vibaya au kuwa na hatia kwa sababu ya kunywa? Je, umewahi kunywa asubuhi ili kutuliza mikono au kuondoa uchovu wa jana? Anayejibu ndiyo mara mbili au zaidi anastahili kuonana na mtaalamu. Swali la nne ndilo linalofaa kupewa uzito mkubwa hapa kwetu, kwa maana kuzimua kumezoeleka kiasi cha kufanyiwa utani. Anayezimua kila siku huenda anautuliza mwili ambao tayari umeanza kuugua kwa kuikosa pombe.

Kabla ya kikundi, kituo cha afya

Hapa ndipo penye hatari. Mara nyingi mambo huenda hivi: mzee wa familia, baada ya ugomvi mkubwa au baada ya mahubiri yaliyomchoma moyo, huapa mbele ya watu kwamba hatagusa pombe tena, na kweli haigusi. Jioni ya siku hiyo mikono inatetemeka, jasho linamtoka, chakula hakikai tumboni na usingizi haupo. Kesho yake anaanguka na kukakamaa. Siku ya tatu anaongea na watu wasioonekana, anafukuza wadudu wasiokuwapo kitandani, mwili una joto na moyo unakwenda mbio. Ndugu husema amerogwa na wale aliokuwa akinywa nao, au amepandwa na pepo, na safari ya kwenda hospitali huahirishwa hadi wanaombea na waganga wamalize zamu zao.

Hayo yote ni dalili za mwili ulionyimwa pombe kwa ghafla, arosto kama vijana wanavyoiita. Kutetemeka huanza ndani ya saa chache tangu kinywaji cha mwisho. Degedege la watu wazima, likitokea, kwa kawaida hutokea ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuchanganyikiwa kwa akili kunakofuatana na homa na kuona yasiyokuwapo huja zaidi kati ya siku ya pili na ya nne, na kusipotibiwa kunaweza kuua. Ajabu yake ni kwamba ugonjwa huu humpata mtu katika siku ile ile aliyoamua kutenda jema, na jirani wakamwona amekufa kwa sababu ya kuacha pombe. Kifo cha namna hiyo kikitokea mara moja kijijini, huwazuia wengine kuacha kwa miaka mingi.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa akinywa kila siku, hasa mwenye mazoea ya kuzimua, au aliyewahi kuanguka degedege alipokosa pombe, aende kwanza zahanati au kituo cha afya kabla ya kuacha. Akiwa bado hajaonwa na mhudumu, asikate pombe kwa ghafla. Apunguze kidogo kidogo na afanye haraka kumwona. Zahanati itampima na, ikibidi, kumpa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au hospitali za mashirika ya dini kama Litembo kwa upande wa milimani na Liuli kwa upande wa ziwa. Huko zipo dawa za kutuliza mwili katika siku hizo za mwanzo, na vitamini B1, ambayo mlevi wa muda mrefu huipungukiwa na ambayo ukosefu wake huweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Mwenye matatizo makubwa zaidi ya akili hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Ruvuma mjini Songea, na ikilazimu, Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. Aliyekunywa gongo kisha akaanza kuona ukungu machoni asisubiri hata saa moja, kwa kuwa pombe iliyochemshwa kienyeji huweza kuwa na sumu inayopofusha.

Muda wa hatari ukipita, wengi hujiona wamepona. Kwa kweli mwili tu ndio uliotulia. Kazi ya kikundi huanzia hapo.

Kikundi ni nini

Mfano unaojulikana zaidi duniani ulianza Marekani mwaka 1935. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alijikuta katika mji wa Akron, Ohio, biashara yake imeharibika na baa ya hoteli iko hatua chache mbele yake. Badala ya kuingia, alipiga simu huku na huku kutafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Alielekezwa kwa daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye pombe ilikuwa imekaribia kummaliza. Walizungumza kwa saa kadhaa. Daktari alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na tarehe hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa ushirika wa Alcoholics Anonymous, au AA, ambao leo una vikundi katika nchi zipatazo 180.

Waligundua jambo lisilohitaji elimu kubwa, kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kwa namna asivyomsikiliza mke, padri wala daktari. Aliyepitia hali ile hawezi kudanganywa, wala hana sababu ya kumdharau mwingine. Kwa upande wake, anayemsaidia mwenziwe hubaki imara kwa sababu ya kumsaidia. Kutoka hapo zilitungwa hatua kumi na mbili, zilizochapishwa mwaka 1939, zinazomwongoza mtu kukiri kwamba pombe imemshinda, kukagua maisha yake, kuwaomba radhi aliowaumiza, na kurekebisha kinachorekebishika. Hatua hizo hutaja Mungu kwa namna ambayo kila mmoja anamwelewa. Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu wamezipitia bila kuacha imani zao, na wapo wasio na dini waliozipitia pia.

Wengi hudhani kwamba vikundi hivi ni maneno matupu. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020 na mtandao wa Cochrane yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, na yalionyesha kwamba njia ya AA, pamoja na tiba zinazomwelekeza mgonjwa kwenye vikundi hivyo, huwasaidia watu kukaa bila pombe kabisa sawa na tiba nyingine zilizozoeleka au kuzizidi. Kwa wilaya isiyo na wanasaikolojia wa kutosha, na ni wilaya gani ya vijijini inayo wa kutosha, hiyo ni habari ya kutiliwa maanani, kwani kikundi hakihitaji mshahara wala jengo.

Nchini Tanzania mikutano ya AA imekuwa ikifanyika katika miji kama Dar es Salaam na Arusha. Zanzibar, tangu mwaka 2009, zimeanzishwa nyumba ambamo waliokuwa waraibu wa heroini huishi pamoja na kufuata hatua hizo hizo kumi na mbili. Katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, watafiti na wauguzi wameandaa na kujaribu ushauri mfupi kwa majeruhi wanaotumia pombe, unaoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Huo si kikundi, lakini unaonyesha kwamba mazungumzo ya muda mfupi na muuguzi, kwa Kiswahili cha kawaida, yanaweza kuwa mlango wa kuingilia.

Mahali pa kuulizia

Safari ya Dar es Salaam, takriban kilomita 1,000 kutoka hapa, haina maana kwa mkazi wa Maguu au Lituhi anayetaka mkutano wa kila wiki. Aulizie karibu. Wa kwanza wa kumwona ni Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye kazi yake inahusu familia zilizoathiriwa na ulevi na ambaye huwajua wengine waliokwisha kumwendea kwa tatizo hilo hilo. Wakazi wa mwambao humwona wa Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa, yenye makao makuu Mbamba Bay. Tangu Nyasa ilipotengwa na Mbinga mwaka 2012, kila upande una maafisa wake. Ikumbukwe pia kwamba barabara ya lami ya kilomita 67 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imefanya iwezekane kwenda upande wa pili na kurudi siku hiyo hiyo, jambo lenye faida yake, kama itakavyoelezwa.

Wa pili ni mhudumu wa huduma za afya ya akili hospitalini, na chini yake mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita kaya kwa kaya. Wa tatu ni viongozi wa dini. Parokia na mitaa ya kanisa ina jumuiya ndogondogo zinazokutana kila wiki, na mara nyingi paroko, mchungaji au imamu anamjua mtu aliyeacha pombe kwa miaka kadhaa na aliye tayari kumpokea mgeni. Mtu mmoja wa namna hiyo ana thamani kuliko orodha ndefu ya anwani. Mwenye simu anaweza pia kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo na kuelekezwa. Mwenye intaneti na anayemudu Kiingereza anaweza kuhudhuria mikutano ya AA inayofanyika kwa video kila siku na kila saa duniani.

Mtendaji wa kijiji anaweza kusaidia, ila hapa yafaa kusema wazi: wanywaji wengi wa gongo humwogopa kwa sababu ndiye anayesimamia sheria. Kwa hiyo ni vema zaidi mtu aanzie kwa mhudumu wa afya, ambaye maadili ya kazi yake yanamzuia kutoa siri ya mgonjwa.

Siku ya kwanza

Mkutano wa kawaida huchukua saa moja hadi moja na nusu. Watu huketi kwa duara. Mwenyekiti wa siku hiyo, ambaye hubadilishwa mara kwa mara, hufungua kwa maneno machache na kusoma au kukumbusha kanuni. Kisha atakaye husema: hutaja jina lake moja tu, hukiri kwamba pombe ilimshinda, na hueleza yaliyompata na namna anavyoendelea. Wengine husikiliza. Hakuna anayemkatiza, kumhoji wala kumpa amri. Akimaliza, hushukuriwa, na zamu huenda kwa mwingine. Mgeni hana lazima ya kusema neno. Akifikiwa na zamu anaweza kusema kwamba leo amekuja kusikiliza, na hilo linatosha.

Wenye kumbukumbu za mila ya Wamatengo wataona kwamba jambo hili si geni sana. Sengu, ambapo watu wa ukoo walikula pamoja na kuzungumza matatizo yao mbele ya wazee, nayo ilisimama juu ya kula, kusikilizana na kurekebishana. Tofauti iliyopo ni kubwa, hata hivyo. Katika sengu mzee alikuwa na neno la mwisho. Katika kikundi hiki hakuna mwenye neno la mwisho, na daktari aliyeacha pombe wiki iliyopita hukaa chini ya mchimba ngoro aliyeiacha miaka mitano iliyopita.

Hakuna kiingilio. Mchango ukikusanywa ni wa hiari, kwa ajili ya chai au kodi ya chumba. Sharti la kuingia ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Hata aliyekunywa asubuhi hiyo huweza kuruhusiwa kuketi na kusikiliza, maadamu hafanyi fujo. Baadhi ya mikutano ni ya wazi, ambako mke, ndugu au afisa anaweza kuhudhuria, na mingine ni ya wahusika peke yao. Yafaa kuuliza kabla ya kwenda.

Baada ya mikutano kadhaa mgeni hushauriwa kumchagua mwenzake mzoefu wa kumlea, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke. Huyo ndiye anayepigiwa simu saa mbili usiku hamu inapopanda, wakati kikundi hakipo. Wakongwe wa AA huwashauri wageni wahudhurie mikutano 90 katika siku 90. Ushauri huo umezaliwa katika miji yenye mikutano kila mtaa. Kijijini, mkutano mmoja kwa wiki pamoja na simu ya kila siku kwa mlezi ni jambo linalowezekana, na ndilo la kushikilia.

Na siri je? Kanuni ya vikundi hivi ni kwamba aliyoonekana na aliyosema mtu hubaki pale pale. Mjini kanuni hiyo yatosha. Kijijini haitoshi, kwa kuwa kuonekana tu ukiingia mlangoni ni tangazo. Zipo njia mbili zilizo bora. Moja ni kuhudhuria kijiji cha jirani, au hata wilaya ya pili kwa wenye nauli. Nyingine ni kikundi kukutana katika chumba cha zahanati au cha parokia siku ambayo shughuli nyingine nyingi zinaendelea, ili aingiaye aweze kuwa amekuja kupima shinikizo la damu au kulipa zaka. Hata hivyo, wengi hugundua baada ya muda kwamba kijiji kilikuwa kinaujua ulevi wao tangu zamani. Kilichokuwa hakijulikani ni kwamba wanataka kupona.

Pasipo na kikundi

Watu wawili wanatosha. Desturi ya AA yenyewe ni kwamba wawili au watatu wakikutana kwa lengo la kuacha pombe, wanaweza kujihesabu kuwa kikundi, ilimradi hawajifungi na chama au taasisi nyingine. Wanachohitaji ni siku, saa na mahali visivyobadilika. Siku isigongane na mnada wala mkutano wa chama cha ushirika, na huko ziwani isiwe usiku wa kuvua. Saa ya jioni ndiyo nzuri kwa sababu ndiyo saa ambayo vilabu hujaa. Afisa Ustawi wa Jamii au Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata anaweza kuombwa kusaidia kupata chumba na kuwaelekeza watu, bila kukifanya kikundi kuwa cha serikali.

Wananchi wa hapa wamezoea VICOBA, na kishawishi cha kuongeza sanduku la akiba juu ya kikundi cha kuacha pombe ni kikubwa. Ni heri kujizuia. Fedha zikiingia, wataingia wanaotafuta mkopo, na anayerudia pombe na deni la wenzake mgongoni hatathubutu kurudi kikundini. Wale waliokwisha kuimarika wanaweza kuunda kikundi kingine cha uzalishaji, mbali na hiki, na kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Mikopo hiyo inawahusu kwa namna ya pekee akina mama wanaopika pombe. Mwanamke anayesomesha watoto kwa komoni au gongo, na ambaye mwenyewe amekuwa mnywaji kwa kuonja kila pipa, yuko katika shida isiyofanana na ya mwanamume anayekwenda kilabuni. Kuacha kunywa huku akiendelea kupika ni kazi ngumu mno. Kuacha kupika ni kuacha ada. Kikundi kisimfukuze kwa sababu ya biashara yake. Kimpokee kama alivyo, na maafisa wamsaidie kupata mtaji wa shughuli nyingine, iwe mama lishe, ufugaji wa kuku au biashara ya usipa wakavu.

Kurudi nyuma hutokea, hasa msimu wa kahawa na mwezi wa Desemba. Aliyeteleza anaporudi kikundini hupokewa bila hotuba. Siku zake huanza kuhesabiwa upya. Familia inaweza kumpunguzia mitego kwa kumwandalia kinywaji chake katika sherehe. Togwa ni nzuri ikiwa imepikwa siku hiyo hiyo, lakini togwa iliyolala siku mbili au tatu huwa imekwisha kuwa pombe, na wapo walioanza kuanguka upya kupitia kikombe hicho wakidhani wanakunywa uji. Kwa wakulima, wengine hupatana na wake zao, kabla ya malipo ya kahawa, kwamba fedha ziingie katika akaunti ya benki au simu ambayo wote wawili wanaiona. Mapatano hayo yafanyike mapema, mtu akiwa na akili yake.

Wanafamilia nao wana haki ya msaada wao wenyewe. Mwaka 1951 Lois Wilson, mke wa yule mwanzilishi wa AA, alishiriki kuanzisha vikundi vya Al-Anon kwa ajili ya ndugu wa walevi, baada ya kuona kwamba nyumba huugua pamoja na mgonjwa. Wake wawili au watatu wanaokutana baada ya ibada kuzungumza bila kuficha wamekwisha kuanza jambo hilo. Lakini panapokuwa na kipigo, mkutano peke yake hautoshi, na kusubiri mume aache pombe si ulinzi. Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi hupokea taarifa hizo, na mtoto yeyote aliye hatarini, au mtu mzima anayemhofia mtoto, anaweza kupiga 116 bila malipo, mchana au usiku.